Akiba kwa Jina la Aliyefukuzwa

"Fungua, Nuala. Najua ulichoshika."

Ndivyo alivyonong'ona Fintan, na mlango wenyewe haukuwa na komeo. Nuala, binti wa Tarpey, alikuwa ndani ya stoo, mgongo ameukaza mlangoni, kitabu cha benki amekisokomeza ndani ya sweta. Kopo la maziwa ya unga ya ndama, alimokikuta dakika moja tu kabla, lilikuwa wazi miguuni pake. Sebuleni watu wa kijiji cha Kilcorra walikuwa wakinywa chai na kula mikate ya nyama, wametoka kwenye misa ya kutimiza mwezi mmoja tangu afariki Mzee Malachy, baba yake.

Nuala alikuwa na miaka arobaini na minne, na maishani mwake hakuwahi kumzuia mtu mlangoni. Akasogea. Fintan akaingia.

Kaka yake huyu aliuza bima Dublin. Suti yake ilikuwa ya bei, viatu vyake havikujua tope, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyezoea kukuuliza ukifa nani atabaki na nyumba.

"Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Usinichezee, dada. Kitabu. Baba aliniambia habari zake siku ya harusi yangu, alipolewa."

Nuala alihisi damu ikimpanda usoni. "Ulijua? Miaka yote hiyo ulijua kuna hela humu, na mimi nakopa mafuta ya jiko kwa jirani, Concepta Mulvey?"

"Hela hazikuwa zako."

Miaka tisa! Miaka tisa alimwosha yule mzee, akamgeuza kitandani, akafua mashuka kwa mikono kwa sababu mashine ya kufulia ilikuwa anasa. Mzee alimhesabia mifuko ya chai. Na siku zote hizo, hatua sita kutoka kwenye beseni lake, kopo lilikuwa limekalia yuro elfu sitini na moja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Basi hawakuwahi kufika Kilcorra.

Lakini kilichomshtua Nuala hakikuwa zile elfu sitini na moja. Lilikuwa jina lililoandikwa kwenye jalada: Enda Tarpey, na chini yake anwani ya Birmingham, Uingereza.

Enda ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Baba alimfukuza mwaka themanini na mbili kwa sababu ya mtamba mmoja aliyeuzwa bila ruhusa, akaapa jina lake lisitajwe tena mezani. Halikutajwa mezani. Lilitajwa benki. Mwaka themanini na sita serikali ilianza kukata kodi kwenye riba ya kila akiba, ila anayeishi ng'ambo hakukatwa. Meneja wa benki akamkonyeza mzee: "Una mtoto Uingereza, Malachy? Basi wewe ni tajiri." Nusu ya parokia ilifanya hivyo. Kulikuwa na watu Kilcorra wenye watoto watatu Uingereza ambao hawakuwahi hata kuzaliwa.

Mzee akazirundika humo hela za ng'ombe aliowauza mnadani bila risiti. Fomu ya kufungulia aliileta nyumbani, akamsukumia binti yake, akasema neno moja tu: "Andika." Nuala akaandika jina la kaka yake kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuuliza.

"Basi sikiliza," Fintan alisema, akitoa karatasi mfukoni. "Fomu ya kutolea hela. Saini moja tu, ile E yako yenye mkia, na Jumatatu hela ziko mkononi."

"Mkononi mwa nani?"

"Wosia umesemaje? Nyumba ya Nuala, kila kitu kingine cha Fintan. Hiki ni kila kitu kingine."

"Alhamisi naapa mbele ya wakili, Fintan. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Natakiwa kutaja kila alichoacha Baba."

"Taja! Taja kitabu uone. Nimeshauliza Dublin, kwa ajili ya rafiki yangu."

"Una rafiki?"

Fintan hakucheka. "Kodi ya miaka kumi na minane. Riba juu ya kodi. Faini juu ya riba. Kitabu hakitatosha, dada. Na kisipotosha, watu wa kodi watatafuta kingine cha kuuza. Kingine ni nini? Unalala ndani yake."

Hapo alimpata. Mashamba yalikwisha kuuzwa zamani. Ilibaki nyumba na ua wa kuku, na nje ya kuta zile Nuala hakuwa na pa kuweka hata kikombe. Hakuolewa, hakusomea kitu, hakulipwa hata senti. Nyumba ndiyo ilikuwa mshahara wake.

"Serikali ilitoa nafasi miaka mitatu iliyopita watu wajitokeze walipe kwa nafuu," alisema kinyonge. "Nilimsomea Baba gazetini."

"Akasemaje?"

"Akasema serikali ikitaka hela yake ije ikamue ng'ombe kwanza."

"Ndiyo hivyo. Sasa andika."

Fintan alikuwa anatoa kalamu sauti ya Concepta Mulvey ilipopenya kuta zote mbili.

"Nuala! Njoo haraka! Yesu na Maria, njoo uone nani kaingia!"

Mgeni alikuwa amesimama katikati ya jikoni na sanduku dogo mkononi. Mwanamume wa miaka hamsini, mwembamba, kichwa cheupe, koti safi la mtu asiye na makoti mengi. Nuala hakumjua kwa sura. Alimjua kwa masikio, maana yalikuwa ya marehemu mama yao.

"Kaka Enda," alisema.

"Dada mdogo." Enda alimshika mabega, akamtazama kama anayemtafuta msichana wa miaka ishirini na mbili humo ndani. "Nimeona tangazo kwenye gazeti la huku, linauzwa kule kwetu. Lilikuwa limepitwa na wiki mbili. Kumzika nimechelewa, nikasema angalau nije misani. Na meli nayo ikachelewa."

"Hata mama yako hukuja kumzika," Concepta alisema, ulimi wake haujui siku ya kupumzika.

Nuala aliangalia chini. Fintan, mwepesi, akamshika Concepta kiwiko, akamfungashia mikate ya nyama iliyobaki, akamtoa pamoja na wageni wengine kwa shukrani tele. Concepta aliondoka kinyumenyume ili asipitwe na neno.

Wakabaki watatu. Nuala akamimina chai. Enda akakataa sukari, akakataa pia tone la wiski ambalo Fintan alikuwa tayari kulitia.

"Siku hizi sinywi. Nitawaambia kwa nini."

Akafungua sanduku, akatoa bati la biskuti, na ndani ya bati bahasha zilizopangwa vizuri, zimefungwa kwa utepe. Nuala aliiona nembo ya benki, na chai ikamwagikia sahani.

"Mnajua jinsi Baba alivyonifukuza," Enda alisema. "Miaka mitano nililala kwenye vyumba vya watu na kunywea kila nilicholipwa kwa kuchimba barabara. Halafu Januari moja ikaja barua ya benki. Ilikuwa imeandikwa jina langu na akiba yangu, pauni elfu nne. Nilidhani wamekosea. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, na hela zimeongezeka. Ndipo nikaelewa. Mzee alikuwa ananiwekea."

Akapapasa utepe wa zile bahasha, akaendelea.

"Hakuandika hata neno moja, unamjua alivyokuwa na kiburi. Lakini kila Januari barua ilifika. Hata mwaka ule wa msiba wa mama, aliponikataza nisije, Januari barua ilifika. Nikasema, mdomo wake unanifukuza, ila mfuko wake unaniita nyumbani. Ile barua ya kwanza ndiyo iliyoniachisha pombe, Nuala. Baba anayekuwekea akiba huwezi kumwaibisha."

Mungu wangu, Nuala aliwaza. Walitumia anwani yake ya kweli ili uongo usijulikane, na benki kila mwaka ikawa inampelekea ule uongo mlangoni, na yeye kauvisha nguo za mapenzi.

Fintan hakuwa mtu wa kupoteza dakika. Aliiweka fomu yake mezani taratibu, akapiga kifua.

"Kaka, umesema kweli tupu! Baba alikuwekea. Aliniambia mwenyewe. 'Zile za Enda,' alikuwa akisema, 'zile asiguse mtu.'" Na chini ya meza akamkanyaga Nuala mguu.

Nuala alielewa upesi kuliko alivyotaka. Hela zikiwa za Enda, si za Baba. Zisipokuwa za Baba, hazitajwi Alhamisi. Zisipotajwa, nyumba inabaki. Fintan naye atajua namna ya kumlia Enda nusu, kama alivyowalia wengine. Neno moja tu lilihitajika, na kila mtu angetoka pale ameshiba.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Alikuwekea."

Enda alifunika uso kwa mikono, akalia bila aibu. Mtu mzima, mikono yenye sugu, analia machozi ya shukrani juu ya chai inayopoa. Nuala alimpapasa mgongo. Ilikuwa rahisi kupita alivyofikiri.

"Nilijua," Enda alisema, akijifuta. "Ndiyo maana sikutaka zawadi yake iwe na doa. Niliposoma tangazo la kifo, jioni ile ile niliwaandikia watu wa kodi wa hapa. Nikawauliza natakiwa kulipa nini."

Kikombe cha Fintan kiligonga sahani. "Uliwaandikia nani?"

"Watu wa kodi. Wamenijibu haraka, wastaarabu sana."

Tabasamu la bima lilikuwa limefutika usoni kama chaki. Enda, mwenye moyo mweupe, hakuona kitu. Alitandaza karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa barua ya serikali. Nyingine ilikuwa nakala ya fomu ya mwaka themanini na sita.

"Wanauliza nani alitia saini, maana mwandiko haufanani na wangu. Nikawajibu ni wa Baba, alinisainia kwa mapenzi. Wanasema msimamizi wa mirathi, nadhani ni wewe Nuala, akiapa kwamba aliyeandika ni Baba na alikuwa ananiwekea mimi, basi zinahesabiwa zangu tangu mwanzo. Mimi nitalipa kodi yangu. Nyumba haiguswi. Na nitakachobakiwa nacho tutagawana, wewe nusu, kwa kuwa ulimtunza."

"Ni mwandiko wa Baba kabisa!" Fintan aliruka. "Mkia ule wa E! Nani mwingine?"

Enda alipitisha kidole juu ya ile E kwa upole. "Nimewahi kuibusu hii saini, mtanicheka. Baba hakujua kusema, lakini alijua kupenda. Nataka niandike hivyo kwenye jiwe la kaburi lake, kwa gharama zangu. 'Alijua kupenda.' Unaonaje, Nuala?"

Sasa msomaji, nyumba ilikuwa imeokolewa. Ilibaki kuitikia kwa kichwa. Mwanamke mwenye akili angeitikia.

Lakini wivu ulimshika Nuala, wivu mchungu ambao hakujua kama anao. Alijua kupenda! Yule aliyehesabu mifuko ya chai. Yule ambaye kwa miaka tisa hakumwambia ahsante hata siku moja, aliyekufa akilalamika uji una mabonge. Apewe jiwe la marumaru kwa mapenzi ambayo hakutoa hata chembe, na aliyemwosha aape kwa Mungu kwamba ni kweli? Angeweza kudanganya kwa ajili ya nyumba. Kwa ajili ya sifa za mzee yule, ulimi ulikataa.

"Hakuwa na vidole," alisema.

"Nini?"

"Baba. Mkono wa kulia. Vidole vinne vilikatwa na mashine ya kufunga nyasi, Agosti, mwaka themanini na tano. Tangu hapo hakuandika hata jina lake. Wosia wenyewe aliutia alama ya msalaba, kwa mkono wa kushoto."

Enda alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni. "Vidole? Sikuambiwa."

"Hukuambiwa kitu, kaka."

"Anachanganya miaka!" Fintan alipiga meza. "Ilikuwa mwaka tisini! Dada kachoka, hajalala tangu msiba—"

Nuala alikuwa ameshachukua kalamu. Akaivuta ile fomu ya Fintan ya kutolea hela, ndiyo karatasi iliyokuwa karibu, akaandika. Kwa dakika nzima uso wa Fintan ulichanua. Alidhani dada yake amerudi kwenye akili. Enda Tarpey, aliandika Nuala, taratibu, E kubwa yenye mkia. Fintan akanyoosha mkono. Enda alimuwahi.

Aliziweka karatasi mbili sambamba. Alitazama huku, akatazama kule, akarudi huku.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Alinisukumia, akasema andika."

"Kwa hiyo hakuniwekea."

Nuala alitamani ayameze yote aliyosema. Lakini maji yalikwisha kumwagika, na alikuwa amechoka kuwasitiri wengine. "Alikuwa anawakwepa watu wa kodi, kaka. Alihitaji mtu anayekaa ng'ambo. Wewe ndiye uliyekuwa huko, kwa sababu alikuwa amekufukuza."

"Na barua za Januari?"

"Ni mashine ya benki. Baba hakujua kama zinakufikia. Angejua, angekasirika kwa gharama ya stempu."

Enda alizirudisha bahasha zake ndani ya bati, moja moja, kwa utaratibu ule ule, kumi na nane. Funiko halikutaka kukaa. Akaliacha.

"Umefurahi?" Fintan alimfokea dada yake. "Umeuza nyumba! Umejitupa barabarani mwenyewe, na huyu umemuua! Kwa ajili ya nini?"

"Iende," Nuala alisema. Alitoa kitabu ndani ya sweta, kikiwa na joto la mwili wake, akakiweka mbele ya Enda. "Alhamisi nitakitaja. Nitasema na saini ni yangu. Wakitaka nyumba wachukue, wakitaka na mimi wanichukue."

Alidhani amelipa. Alidhani hiyo ndiyo bei, na kwamba hakuna kingine mtu yeyote angeweza kumdai jikoni mle. Akavuta kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaketi.

Enda hakukigusa kitabu. Alikuwa bado anaitazama ile E. Kisha, polepole, akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi.

"Basi na hii?" aliuliza.

Aliifungua juu ya meza, pembeni ya zile mbili. Ilikuwa na mistari minne. *Enda. Mama yako amefariki. Usije. Sitaki kukuona kaburini kwake. M. Tarpey.* E ya jina lake ilikuwa kubwa, na mkia wake ulipinda kushoto.

"Miaka kumi na tatu natembea nayo. Nilikuwa nimeshasikia habari na kukata tiketi, Nuala. Nilikuwa stesheni ya treni, mwenye nyumba wangu akanifuata na barua hii mkononi. Nikarudi. Nikamsamehe Baba kwa sababu ya hela zile." Macho yake yalikuwa makavu sasa. "Kama hakuwa na vidole, hii nayo ni wewe. Nieleze tu kitu kimoja. Alikutamkia mwenyewe maneno haya?"

Nuala alisoma tarehe juu ya barua, ingawa hakuwa na haja ya kuisoma. Wiki ile Baba alikuwa hospitali kwa ajili ya mapafu, ana mrija kooni, na kwa siku tisa hakutamka neno kwa mtu yeyote. Mama alikufa siku ya nne, na mzee hakuambiwa hadi alipotolewa mrija. Nuala aliletewa maneno yale hapa hapa jikoni, yakisemwa ni ya Baba. Alijua siku ile ile kwamba hayawezi kuwa yake, na akaandika, kwa kuwa aliambiwa aandike.

Akainua macho. Hakumtazama Enda, alimtazama aliyemletea maneno yale.

Fintan alikuwa ameshavaa koti, na mkono wake ulikuwa juu ya kitasa cha mlango.